Redio ya memori haichaji? Pima kwanza kabla hujanunua betri nyingine

Watu wengi wanaoleta redio za memori kadi kwenye meza za mafundi hapa Arua, Uganda, huwa tayari wameshanunua betri mpya, wengine hata mbili. Redio bado haichaji, au inachaji usiku kucha na asubuhi inapiga nyimbo nne tu na kuzima. Pesa imekwenda, betri ya zamani imetupwa, na mara nyingi ile iliyotupwa ilikuwa nzima.

Watu huanza na betri kwa sababu ndiyo rahisi kubadilisha. Lakini umeme hupita njia ndefu kabla ya kuifikia betri: unatoka kwenye chaja, unapita kwenye waya, unaingia kwenye tundu, unapitia chipu ya kuchajia, ndipo unafika. Ukikagua njia hiyo hiyo kwa mpangilio wake, kutoka nje kwenda ndani, utalikuta tatizo. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji hata bisibisi.

Mwongozo huu ni wa vifaa vidogo vya muziki vinavyotumia betri ya lithiamu na kuchajiwa kwa volti 5: redio za memori na fleshi, spika ndogo za bluetooth, na vile vichezeshi vya kubeba mfukoni. Spika kubwa zenye betri ya asidi zina volti zake na chaja zake. Usizipime kwa namba za hapa.

## Vifaa utakavyohitaji

- Mita ya kupima umeme (multimita). Ile ya bei nafuu inatosha.
- Chaja moja ya simu unayojua inafanya kazi, na waya mmoja wa USB unaojua ni mzima.
- Waya wa zamani wa USB usioutaka tena, wa kukata.
- Rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya omu 10, wati 5. Ni ile nyeupe ya simenti, inapatikana kwenye maduka ya vipuri vya redio.
- Bisibisi ndogo ya nyota, kijiti cha meno cha mbao, mswaki wa zamani uliokauka.
- Spiriti safi ya dukani.
- Tepu ya umeme, na tochi.
- Pasi ya kulehemu na risasi yake, lakini hizi utazihitaji tu ukifika hatua za mwisho.

Usitumie waragi (pombe kali) mahali pa spiriti. Waragi wa kawaida una takriban asilimia 40 tu ya pombe, na kilichobaki karibu chote ni maji. Maji hayo yakibaki chini ya chipu, baada ya muda shaba inaota ukijani na unakuwa na tatizo la pili.

## Kabla ya kugusa chochote

Itazame betri. Ikiwa imevimba, yaani mfuniko haufungi vizuri au betri ya bapa imekuwa na tumbo, kazi ya kupima imeishia hapo. Usiichaji, usiibonyeze irudi, na usiitoboe ili "kutoa hewa". Kuna mafundi wanaotoboa kwa sindano; hewa ile inashika moto, na ndani ya betri kuna nishati ya kutosha kuuwasha. Itoe taratibu, ziba vituo vyake (sehemu za chuma za chanya na hasi) kwa tepu, iweke nje kwenye kopo la bati lenye mchanga.

Betri ikianza kufoka moshi ikiwa mezani, usiishike kwa mkono. Isukume nje kwa koleo au mti, watoto waondoke, na usivute moshi wake kwa sababu una sumu. Mchanga mkavu unazuia moto usishike vitu vingine, na maji mengi huipoza betri ndogo ya aina hii.

Jambo la pili ni chaja ya ukutani. Usiifungue. Ndani yake kuna volti 240, na kuna sehemu zinazobaki na umeme hata baada ya kuichomoa. Chaja iliyokufa hubadilishwa.

## Hatua ya 1: Taja ugonjwa kwa usahihi

"Haichaji" inabeba magonjwa manne tofauti, na kila moja lina mahali pake.

Ukichomeka chaja na taa haiwaki kabisa, shaka iangukie chaja, waya au tundu. Anza hatua ya 2 na uende kwa mfuatano.

Taa inawaka lakini betri haijai hata baada ya usiku mzima: mara nyingi umeme unaoingia ni mdogo. Chanzo dhaifu, waya mwembamba, au redio inapigwa huku inachajiwa.

Inajaa haraka sana, labda dakika 20, kisha inaisha haraka vilevile: hapo ndipo betri inapostahili kushukiwa. Unaweza kuruka hadi hatua ya 5.

Inapiga ikiwa kwenye chaja tu, ukichomoa inazima papo hapo: betri haijaungana na bodi (kibao cha ndani chenye vipuri). Ama imekufa kabisa, ama waya wake umekatika, ama vituo vimeota kutu.

Ugonjwa wa pili una sababu moja ambayo inapita nyingine zote kwa wingi. Redio ikipigwa kwa sauti ya juu inaweza kula umeme mwingi kuliko ule unaoingia. Taa nyekundu inawaka, mwenyewe anaamini inachaji, kumbe betri inashuka. Kabla ya kupima kitu chochote, izime kabisa na uichaji kwa muda wa saa nne bila kuigusa. Ikijaa, redio yako haina ugonjwa, na unaweza kuacha kusoma hapa.

## Hatua ya 2: Pima chanzo cha umeme

Chukua ule waya wa zamani wa USB. Kata ncha ndogo, menya, utaona nyaya nyembamba ndani. Nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, ingawa kwenye nyaya za bei ya chini rangi zinaweza kudanganya, kwa hiyo amini mita. Zilizobaki, kwa kawaida ya kijani na nyeupe, zifunge kila moja na tepu yake.

Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), kipimo cha 20. Chomeka waya huo kwenye chaja na upime. Unatakiwa kuona kati ya 4.75 na 5.25.

Sasa unganisha rezista ya omu 10 kati ya nyekundu na nyeusi, na upime tena ikiwa imeshikana. Rezista hii inavuta karibu nusu ampea, sawa na redio ndogo inayochaji. Itapata moto sana, kwa hiyo iweke juu ya kigae au sahani, si juu ya meza ya mbao, na usizidishe sekunde 15.

Chaja nzima itashuka kidogo tu na kubaki juu ya 4.75. Ikishuka hadi 4.3 au chini, chaja hiyo ni ya kuonyesha taa, haina nguvu. Ndiyo sababu kuipima bila mzigo peke yake hakutoshi: chaja mbovu inaweza kuonyesha volti 5 kamili pale ambapo hakuna anayeila.

### Ukitumia sola

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huku kwetu eneo la West Nile redio nyingi zinachajiwa kwa jua, na nyingi zinafia hapo.

Paneli iliyoandikwa volti 12 haitoi volti 12. Jua likiwa kali na hakuna mzigo, inatoa volti 18 hadi 22. Chipu ya kuchajia iliyo ndani ya redio nyingi ndogo, ile ya aina ya TP4056, haivumilii zaidi ya volti 8 kwenye mlango wake. Ukiunganisha nyaya za paneli moja kwa moja kwenye redio, inaungua kwa sekunde, na mara nyingi bila moshi wala harufu. Mwenye redio anaona haichaji tu, anakwenda kununua betri.

Kijana mmoja wa bodaboda alileta spika yake ikiwa na betri mpya bado ina karatasi ya dukani. Betri ilikuwa na volti 3.8, haina kasoro. Chipu ya kuchajia ilikuwa na shimo dogo katikati, dogo kama kichwa cha pini, na pembeni yake rangi ya bodi imegeuka kahawia. Alikuwa amechaji kwa paneli ya nyumbani, bila kitu chochote katikati.

Njia sahihi ni rahisi. Paneli iingie kwenye kidhibiti cha sola, kidhibiti kiingie kwenye betri kubwa, na kutoka kwenye betri hiyo tumia chaja ya gari yenye tundu la USB. Chaja ya gari imetengenezwa kupokea volti 12 na kutoa 5, na soketi yake inauzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Angalia tu kwamba chanya na hasi haziko kinyume. Usiichomeke moja kwa moja kwenye paneli: volti zinapanda na kushuka kila wingu likipita, na redio inaanza kuchaji na kuacha mara mia kwa siku.

Kama una kasha la sola lenye tundu lake la USB, lipime kwa rezista kama ulivyopima chaja, tena saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Utashangaa tofauti.

### Pini ya mviringo na pawabenki

Redio za zamani kidogo zina tundu la pini ya mviringo. Tatizo la pini hiyo ni kwamba adapta za volti 9 na 12 zinaingia vizuri kabisa. Kuingia si ruhusa. Soma maandishi karibu na tundu. Kama yanasema DC 5V, basi ni 5.

Pawabenki nyingi nazo hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana, kwa kudhani hakuna kilichochomekwa. Redio yenye betri ndogo ikikaribia kujaa inavuta kidogo, pawabenki inazima, na mtu anadhani redio imekataa. Jaribu na chaja ya ukutani kabla ya kuhukumu.

## Hatua ya 3: Badilisha waya

Tumia waya ambao umeuona kwa macho yako ukichaji simu vizuri. Kama redio sasa inachaji, umemaliza. Waya mbovu usiurudishe kwenye droo, ukate kabisa, la sivyo mtu wa nyumbani atautumia tena kesho.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata mafundi. Redio mpya nyingi zina tundu la Type-C, lakini ndani watengenezaji wameacha kuweka rezista mbili ndogo za omu 5,100 zinazoiambia chaja, "nipo, nipe umeme." Ukitumia waya wenye Type-C pande zote mbili, chaja inasubiri ishara hiyo, haiipati, na haitoi kitu. Taa haiwaki. Ukitumia waya wenye USB ya kawaida ya bapa upande wa chaja na Type-C upande wa redio, inachaji mara moja, kwa sababu tundu la bapa hutoa umeme wake bila kuuliza.

Kwa hiyo, redio ya Type-C isipowaka taa, jaribu waya wenye kichwa cha bapa kabla ya kuifungua.

## Hatua ya 4: Tundu la kuchajia

Chomoa chaja. Toa betri ikiwa inatoka. Mulika tundu kwa tochi.

Vumbi letu jekundu huingia kwenye tundu, na kila unapochomeka waya unalishindilia ndani. Baada ya miezi linakuwa tofali dogo, na kichwa cha waya hakifiki mwisho. Dalili yake ni waya unaoingia nusu, au unaoanguka wenyewe. Kwangua taratibu kwa kijiti cha mbao, si sindano, kwa sababu chuma kinaweza kugusanisha pini au kukata ulimi wa katikati. Maliza kwa mswaki wenye spiriti kidogo, acha ikauke nusu saa.

Kisha chomeka waya na uutikise polepole huku unaitazama taa. Ikiwaka na kuzima kwa kutikisa, risasi inayoshika tundu kwenye bodi imepasuka. Hili ni la kawaida kwa redio inayochajiwa huku inaning'inia. Fungua skrubu, tazama nyuma ya tundu, utaona duara jembamba jeusi kuzunguka pini. Ongeza risasi mpya kwa pasi ya wati 30 au 40, sekunde mbili tatu kwa kila pini, betri ikiwa imetolewa. Risasi nzuri hung'aa na kushuka kama mteremko. Ikikaa kama mpira mdogo juu ya pini haijashika.

Umefanikiwa ikiwa unautikisa waya na taa haipepesi hata kidogo.

## Hatua ya 5: Sasa betri

Aina mbili zimejaa sokoni. BL-5C ni ile bapa iliyotokana na simu za Nokia, yenye volti 3.7 na, kwa ile halisi, miliampea-saa 1020. Ya pili ni 18650, ya mviringo, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zote ni za lithiamu na zinasomwa kwa namba zilezile.

Kwanza tazama vituo. Sugua vya betri na vya redio kwa kitambaa chenye spiriti. Vile vyembe vya shaba ndani ya redio hulala kwa kubonyezwa mara nyingi. Viinue kidogo kwa ncha ya bisibisi ili vishike. BL-5C ina vituo vitatu, na redio nyingi hutumia viwili tu vya pembeni, chanya na hasi, kwa hiyo usihangaike ukiona cha katikati hakigusi kitu.

Halafu pima volti zikiwa zimetulia, betri nje ya redio. Iliyojaa ni 4.2 au chini yake kidogo. Ikiwa 3.7 bado ina chaji ya wastani. Ikifika 3.5 imekaribia kwisha. Chini ya 3.0 imeisha kabisa. Chini ya 2.5 kwa muda mrefu imeshaumia ndani, na hata ikikubali chaji usiiamini.

Ukisoma 0, usiitupe bado. Ndani ya BL-5C kuna kibodi (bodi ndogo) cha kinga kinachokata njia betri ikiisha kupita kiasi, na mita inaona sifuri wakati seli ndani iko hai. Irudishe kwenye redio, chaji kwa nusu saa ukiwa karibu nayo, kisha pima. Ikipanda juu ya 3.0 iendeleze hadi ijae. Ikibaki chini ya 2.0, imekufa. Kuna desturi ya "kuishtua" betri kwa nyaya za betri ya pikipiki. Usifanye. Volti 12 kwenye seli ya 4.2 bila kitu cha kuzuia ndiyo njia fupi ya kuunguza uso.

### Kipimo kinachosema ukweli

Volti za betri iliyotulia zinaweza kudanganya. Betri iliyochoka ni sawa na bomba lililojaa kutu: tangi juu limejaa maji, lakini ukifungua koki yanatoka matone.

Mama mmoja wa kwaya alileta redio inayozima kila ngoma zikianza. Sauti za waimbaji zinapita vizuri, ngoma zikiingia, kimya. "Fundi, betri inasoma 3.9, nimepimiwa." Kweli, ilisoma 3.9. Tukaweka mita kwenye vituo huku wimbo unapigwa. Waimbaji peke yao, 3.7. Ngoma ya kwanza, namba zikaporomoka hadi 2.9 na redio ikakata. "Mama, kipimo ulichopewa ni sahihi, lakini betri ilipimwa ikiwa imelala."

Wewe utatumia rezista ileile ya omu 10. Jaza betri, itoe, subiri dakika 10, andika volti. Shikilia ncha za rezista kwenye chanya na hasi kwa sekunde 10 na usome mita kabla ya kuachia. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza.

Tofauti isiyozidi 0.15, betri ni nzuri. Rudi utafute ugonjwa kwingine. Kati ya 0.15 na 0.4 inazeeka, itakufaa kwa sauti ya chini. Zaidi ya 0.4, hapo ndipo una haki ya kwenda dukani. Hizi ndizo namba ninazofanyia kazi kwa betri ndogo, na zinatosha kwa uamuzi wa kununua au kutonunua.

### Ukienda kununua

Nenda na mita na rezista yako, na umwombe muuzaji akuruhusu kupima. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai.

Kwa 18650, maandishi ya juu mara nyingi ni uongo. Seli nzuri za kawaida hubeba kati ya miliampea-saa 2000 na 3500. Iliyoandikwa 8800 au 9900 imeandikwa kwa wino tu. Ishike mkononi: seli halisi ina uzito wa karibu gramu 45. Nyepesi sana ina seli ndogo ndani au nafasi tupu.

Usinunue iliyo chini ya volti 3.0, hata ikiwa bado kwenye pakiti. Imekaa dukani hadi ikafa.

Kama redio yako ina seli mbili za 18650 zilizoungana sambamba, badilisha zote mbili pamoja, za aina moja, zikiwa na volti sawa kabla ya kuziunganisha. Na kama zimeunganishwa kwa vibati vilivyochomelewa, usilehemu juu ya seli yenyewe. Joto la pasi linapita ndani na kuharibu kizibo. Nunua zenye vibati tayari, lehemu kwenye kibati.

## Hatua ya 6: Je, chipu inachaji?

Betri nzima, chaja nzima, tundu zima, na bado? Sasa pima betri ikiwa ndani ya redio, redio imezimwa.

Soma volti kabla ya kuchomeka chaja. Tuseme ni 3.60. Chomeka. Namba inatakiwa kuruka kidogo papo hapo, labda 3.68, kisha ipande polepole sana. Rudi baada ya dakika 15 uione imepanda tena. Hiyo ni chipu nzima.

Isiporuka hata kidogo, umeme haufiki. Chipu imekufa au kuna njia iliyokatika kati ya tundu na betri.

Ikiruka moja kwa moja hadi 4.2, taa ikasema imejaa, na ukichomoa inarudi 3.6, rudi hatua ya 5. Vituo havishiki au betri imechoka.

Ikipita 4.25 na bado inapanda, chomoa mara moja. Baadhi ya redio za bei ya chini sana hazina chipu ya kuchajia, zina diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja) na rezista tu, na hakuna kinachowaambia zisimame. Redio kama hiyo usiiache kwenye chaja usiku mmelala.

Usipime vituo vya redio bila betri na kudhani umepata jibu. Chipu nyingi zinaonyesha volti karibu 4 bila betri hata kama haziwezi kutoa umeme wa maana.

Chipu kupata joto si ugonjwa. TP4056 huchoma tofauti ya volti kwa joto, na ikizidiwa hujipunguzia umeme yenyewe. Ndiyo maana redio iliyo kwenye dirisha lenye jua chini ya mabati inachaji polepole kuliko iliyo kivulini. Betri za lithiamu zenyewe hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto zaidi ya nyuzi 45, na dashibodi ya gari mchana huku inapita hapo kirahisi.

### Kuweka kibodi kipya cha kuchajia

Chipu ikiwa imekufa, huna haja ya kutafuta ileile. Nunua kibodi kidogo cha TP4056 chenye kinga. Utakitambua kwa vituo sita: IN mbili, B mbili, OUT mbili. Chenye vituo vinne tu hakina kinga, kiache.

Nyaya za betri ziende B+ na B−. Nyaya za redio, pale betri ilipokuwa imeunganishwa, ziende OUT+ na OUT−. Toa au ziba kwa gundi tundu la zamani, ili mtu asije akachomeka chaja pande mbili kwa pamoja.

Kibodi hiki kikitoka dukani kinachaji kwa ampea 1. Kwa 18650 ni sawa. Kwa BL-5C ni kingi mno. Karibu na chipu tafuta rezista iliyoandikwa 122, kwa bodi nyingi huitwa R3, uiondoe na uweke ya omu 3,000, iliyoandikwa 302. Sasa kinachaji kwa miliampea 400, na betri ya 1020 itajaa kwa takriban saa tatu. Rezista hii ni ndogo kuliko punje ya mtama. Kama mkono wako unatetemeka, mpe fundi hiyo kazi moja tu na umweleze unachotaka.

Umefanikiwa ikiwa taa nyekundu inawaka wakati wa kuchaji, inabadilika kuwa bluu au kijani ikijaa, na mita inasoma kati ya 4.15 na 4.25 wakati huo.

## Hatua ya 7: Inaisha ikiwa imezimwa

Kuna redio zinazojaa vizuri, zinapiga vizuri, lakini ukiziweka kabatini siku mbili unazikuta tupu. Kuna umeme unaovuja.

Kata njia ya chanya ya betri na upitishe mita hapo, kwenye tundu lake la 10A kwanza, redio ikiwa imezimwa. Ukiona karibu sifuri, hamia kwenye kipimo cha miliampea. Usiiwashe redio mita ikiwa kwenye kipimo hicho kidogo, utaunguza fyuzi ya mita.

Chini ya miliampea 1 ni sawa. Ikivuja 20, betri ya 1020 inaisha kwa saa 51, siku mbili na kidogo. Wahalifu wa kawaida ni unyevu kwenye bodi, swichi ya kusukuma iliyojaa vumbi, na memori kadi mbovu. Chomoa kadi kwanza uone kama namba inashuka. Halafu safisha bodi kwa spiriti na mswaki, hasa kuzunguka swichi, uache ikauke kabisa.

## Hatua ya 8: Thibitisha

Usiifunge skrubu na kuirudisha kwa mwenyewe kwa sababu taa imewaka. Ijaze ikiwa imezimwa. Ipige kwa sauti ambayo mwenyewe huitumia, andika saa ilipoanza na saa ilipokata. Ijaze tena na uangalie ilichukua muda gani. Andika namba hizo kwa kalamu ndani ya mfuniko wa betri pamoja na tarehe. Miezi sita baadaye mtu akisema "imeharibika tena", utakuwa na cha kulinganishia.

Redio isiyotumika kwa muda iache nusu chaji, karibu volti 3.8, na betri itolewe ikiwezekana. Kuihifadhi tupu ndiko kunakoziua betri nyingi zaidi.

Zilizokufa zisichanganywe na takataka, kwa sababu takataka zetu nyingi huchomwa, na betri ya lithiamu kwenye moto hulipuka. Ziba chanya na hasi kwa tepu, ziweke kwenye kopo la bati nje ya nyumba mbali na mvua, na umuulize fundi wako wa simu kama ana mtu anayekusanya.